Kupanda vilima vya Dodoma kwa miguu: mwongozo wa anayeanza

Wanaohamia Dodoma kikazi au kimasomo huuliza maswali yaleyale. Nianze na kilima gani? Nivae viatu gani? Maji kiasi gani yanatosha? Nyoka je? Naweza kwenda peke yangu? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa safari yenyewe, kuanzia siku chache kabla hadi unapovua viatu nyumbani.

Jambo moja likae kichwani kabla ya mengine. Vilima vya Dodoma si virefu. Mji wenyewe uko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na vilima vingi vinavyouzunguka havizidi mita 300 kutoka mguuni hadi kileleni. Mtu mwenye afya ya kawaida anafika juu bila shida. Kinachowaangusha wanaoanza ni vitu viwili: jua la kuanzia saa nne asubuhi, na njia ya kushukia. Karibu kila ushauri uliomo humu unatokana na hayo mawili.

Msimu

Miezi mizuri ya kuanza ni Mei, Juni na Julai. Mvua imekatika, nyasi zimeanza kukauka na kulala, udongo ni mkavu, na asubuhi kuna ubaridi unaokufanya utamani kutembea. Beba sweta jepesi. Saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa saba Dodoma si mahali pa fulana tupu.

Agosti hadi Oktoba kuna upepo na vumbi, na kadiri Novemba inavyokaribia joto linazidi. Unaweza kutembea, ila maji yaongezeke na muda upungue. Desemba hadi Aprili nchi ni ya kijani na inapendeza sana kwa macho, lakini kwa mgeni ndio msimu mgumu: nyasi ndefu zinaficha mawe na nyoka, udongo mweusi wa mbugani unang'ang'ania viatu, makorongo yanajaa ghafla, na mchana kuna radi. Kwa safari zako za mwanzo, subiri Mei.

Vitu vya kuandaa

Maji kwanza. Kwa matembezi ya saa tatu beba lita 2 kwa kila mtu, na lita 3 kama ni Oktoba au Novemba. Gawa katika chupa mbili au tatu, usiweke yote kwenye moja: chupa moja ikipasuka au kifuniko kikifunguka mkobani umebaki mikono mitupu. Chupa moja ijaze nusu, iweke kwenye friza usiku, asubuhi uijazie maji. Huko vilimani usitegemee kupata maji. Mito mingi ya huku ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka, na mashimo ya maji unayoyaona ni ya mifugo.

Viatu ni cha pili. Si lazima ununue buti za mlimani. Raba nzuri ya mtumba inatosha ikitimiza masharti matatu: soli nene, soli yenye meno, na nafasi ya kidole gumba mbele ukiwa umevaa soksi nene. Ijaribu hivi: ikunje kwa mikono. Ikikunjika katikati kama chapati, soli ni nyembamba na mwiba wa mgunga utapita hadi unyayoni. Meno yakiwa yamelika hadi soli imekuwa laini, iache. Kwenye mwamba wenye changarawe itakutupa. Yeboyebo na sendo za wazi ziache nyumbani. Wachungaji wanapanda na katambuga za tairi, ni kweli, lakini wao wamezaliwa na miguu hiyo na vijia hivyo.

Vingine:

- Suruali ndefu nyepesi na shati la mikono mirefu. Jinzi ni nzito na inabana goti ukipanda.
- Kofia ya ukingo mpana inayofunika shingo, au kofia ya kawaida na kanga au kitambaa chini yake.
- Fimbo imara inayofika usawa wa kiwiko ukiwa umesimama.
- Filimbi. Ni bei ndogo, na inasikika mbali kuliko sauti ya mtu aliyechoka.
- Tochi, hata kama unaenda asubuhi.
- Simu iliyojaa chaji na pawabenki.
- Kibano na pini ya kutolea miiba, bandeji ya kunyumbulika, plasta, sabuni kipande, dawa ya maumivu uliyoizoea.
- Kanga moja. Inafaa kwa kivuli, kwa kujikinga na vumbi, kwa kutundikia mkono uliovunjika.
- Chakula kidogo chenye chumvi na sukari: karanga za kukaanga, viazi vya kuchemsha, mayai, ubuyu, zabibu zikiwepo. Biskuti tupu zinakausha koo.
- Pesa taslimu kidogo, noti ndogondogo, na kitambulisho.
- Mfuko wa kubebea taka zako. Uwe wa kitambaa au wa khaki. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019.

Vito, kompyuta na kamera ya gharama viache nyumbani.

Hatua ya 1: Chagua kilima cha kwanza

Kilima cha kwanza kiwe na sifa hizi: unakiona kutoka barabarani, kuna nyumba au mashamba karibu na mguu wake, kuna kijia kinachoonekana wazi kikipanda, na simu inashika mtandao. Ukipanda kwa mara ya kwanza mahali usipofikiwa na bodaboda, kosa dogo linakuwa kubwa.

Upande wa kusini wa mji kuna vilima vya Imagi na Ntyuka. Mashariki kuna vilima vinavyozunguka Chuo Kikuu cha Dodoma, eneo la Chimwaga na Ng'ong'ona. Mlimwa pia hupandwa na wengi kwa sababu mji unaonekana vizuri kutoka juu, lakini hapo kuwa makini: eneo lina makazi ya viongozi, na kuna sehemu zisizopitika. Ukiona uzio, kibao cha katazo au askari, geuka. Usibishane, na usipige picha za mageti, askari au majengo yanayolindwa. Dodoma ni makao makuu. Kilima kilichokuwa wazi mwaka juzi leo kinaweza kuwa na ujenzi au ulinzi.

Mwamba mrefu uliosimama wima si wa kuanza nao hata ukiwa na kijia hadi mguuni. Mahali popote unapolazimika kutumia mikono yote miwili kujivuta, kwa anayeanza hapo ndio mwisho wa safari.

Hatua ya 2: Uliza wenyeji

Siku moja au mbili kabla, fika kwenye ofisi ya mtaa au kijiji chenye kilima hicho. Salimia, jitambulishe, sema mko wangapi, mnapanda lini na mtashuka saa ngapi. Mwenyekiti au mtendaji atakueleza mambo ambayo ramani haina: mahali palipochimbwa mawe, mahali nyuki walipohamia, njia inayotumika sasa, na kama kuna sehemu ya matambiko isiyokanyagwa na wageni. Katika nchi ya Wagogo kuna majabali na mibuyu yenye heshima yake, hasa ya maombi ya mvua. Ukiambiwa usipite, usipite.

Kwa safari ya kwanza, omba kijana wa hapo awasindikize. Mpatane malipo kabla ya kuanza, yakihusisha kupanda na kushuka, na mumbebee maji yake. Huyu ndiye bima yenu kubwa kuliko kifaa chochote.

Njiani, ukikutana na mzee, shikamoo haikosi. Ukianza na "mbukwa" ya Kigogo utaona nyuso zinavyofunguka. Watoto wanaochunga usiwape pesa kwa ajili ya picha. Ukitaka kumpiga mtu picha, muombe kwanza.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya muda

Pakua ramani ya eneo kwenye simu kabla ya kuondoka nyumbani ili ifanye kazi bila intaneti. Programu ya simu iitwayo Organic Maps inaonyesha vijia vingi vya miguu na mistari ya miinuko. Kisha piga hesabu hivi: saa 1 kwa kila kilomita 4 za kutembea, ongeza dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda, halafu ongeza theluthi ya jumla kwa ajili ya vichaka na mapumziko.

Mfano: kwenda na kurudi kilomita 6, kupanda mita 200. Kilomita 6 ni saa moja na nusu. Mita 200 ni dakika 20. Jumla saa 1 na dakika 50. Ongeza theluthi, kama dakika 37. Andaa saa mbili na nusu.

Ukishapata muda huo, panga saa ya kugeuka. Kwa Dodoma tunashauri saa tatu na nusu asubuhi, ufike kileleni au usifike. Iandike, waambie wenzako wote, na isijadiliwe tena mkiwa juu. Mtu aliyebakiza hatua mia moja kufika kileleni hana uamuzi mzuri. Ndiyo maana uamuzi ufanywe jana yake, mkiwa mmekaa.

Hatua ya 4: Panga watu na uache taarifa

Idadi nzuri ni watu watatu hadi sita. Mkiwa watatu, mmoja akiumia, mmoja anabaki naye na mwingine anafuata msaada. Usiende peke yako, hata kama ni kilima unachokiona kutoka dirishani. Sababu si nyoka; ni kifundo cha mguu, na pia vibaka, ambao humwandama aliye peke yake na simu mkononi.

Tuma ujumbe kwa mtu anayebaki mjini. Usiandike "tunaenda hiking". Andika hivi:

"Tuko wanne. Tunapanda kilima cha Ntyuka kwa njia iliyo nyuma ya shule. Tunaanza saa 12:30, tunageuka saa 3:30, tutakuwa barabarani saa 5. Saa 6 mchana ukiwa hujatusikia, piga namba hizi mbili. Zisipopatikana, mpigie mwenyekiti wa mtaa, namba yake hii hapa."

Mkishuka salama, mtaarifu. Wengi husahau hili, na mara ya pili anayebaki hawachukulii kwa uzito.

Hatua ya 5: Uwe mguuni mwa kilima jua linapochomoza

Dodoma jua huchomoza kati ya saa 12:10 na 12:50 asubuhi kutegemea mwezi. Novemba mapema, Julai kuchelewa. Kusudia kuanza kupanda dakika chache baada ya mwanga kukolea. Ukitoka nyumbani saa moja, ukasubiri wenzako, ukatafuta chai, utaanza kupanda saa tatu, na hapo umeshapoteza siku. Kunywa chai nyumbani, kula kitu, na kunywa glasi mbili za maji kabla ya kutoka.

Mwenye bodaboda au bajaji aliyewaleta mchukue namba yake na mpatane saa ya kurudi.

Watu wengine hupendelea jioni. Jua linazama kati ya saa 12:30 jioni na saa moja usiku, na giza huku linaingia haraka. Kushuka mawe gizani, na fisi bado wapo pembezoni mwa mji, si kazi ya anayeanza.

Hatua ya 6: Soma njia, na uangalie nyuma

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Vilima vya huku havina njia zilizochorwa wala mishale. Kuna vijia vya mifugo, vya wakata kuni na vya watoto, vinavyogawanyika na kukutana tena kila hatua chache. Ukipanda, vyote vinaelekea juu, na huwezi kukosea sana: kilele ni kimoja. Ukishuka mambo yanageuka. Kutoka kileleni vijia vinatawanyika pande zote, na ukichagua kile kisicho chako unaweza kuishia upande wa pili wa kilima, juu ya jabali lisiloshukika, au katikati ya kichaka cha miiba.

Fanya hivi. Kila njia inapogawanyika, simama. Geuka utazame ulikotoka, kwa sababu hivyo ndivyo utakavyopaona ukishuka. Tafuta kitu kisichohama: mbuyu wenye tawi lililovunjika, jiwe lililopandana na jingine, kichuguu kikubwa. Ng'ombe, moshi na gari jeupe kule chini si alama. Piga picha moja ya njia ukiwa umegeukia nyuma, na weka alama kwenye ramani ya simu. Kazi yote hii ni ya nusu dakika.

Kijia cha watu utakitofautisha na cha mbuzi kwa kimo. Mbuzi wanapita chini ya matawi ya miiba. Kijia kikikulazimisha kuinama mara tatu mfululizo, si cha watu. Rudi ulipoachia njia, usilazimishe kukatiza kichakani. Dakika tano za kurudi ni nafuu kuliko nusu saa ya kujinasua.

Jihadhari na mnyaa, ule mmea wa vijiti vya kijani visivyo na majani unaopandwa uzio. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaunguza vibaya. Usiuvunje ili upite, na ukiugusa usishike uso. Upupu nao uko vichakani baada ya mvua. Maganda yake yenye manyoya yakikauka, upepo tu unatosha kuyarusha. Ukiona mtambaazi wenye maganda ya rangi ya kahawia yenye vinyweleo, zunguka kwa upande unakotoka upepo.

Ukivuka korongo lenye mchanga, vuka moja kwa moja, usipumzike ndani yake. Msimu wa mvua maji yanaweza kufika bila tone kudondoka ulipo, kwa sababu mvua imenyesha juu zaidi.

Hatua ya 7: Panda kwa mwendo wa kuongea

Mwendo sahihi ni ule unaokuruhusu kuongea sentensi nzima bila kuhema katikati. Ukishindwa, punguza. Anayekwenda taratibu zaidi akae mbele, si nyuma. Akikaa nyuma anakimbizana na wenzake na kufika pale wanapoinuka kuondoka.

Kunywa mafunda matatu hadi manne kila dakika 15 au 20, usisubiri kiu. Nusu ya maji iwe bado ipo mnapogeuka. Ikipungua chini ya hapo, geukeni hata kama saa tatu na nusu haijafika.

Kwenye miamba kumbuka kwamba granite ya Dodoma ikiwa kavu na safi inashika kiatu vizuri sana. Hatari iko kwenye vitu vitatu: changarawe iliyotandazika juu ya mwamba laini, kuvu na ukoga uliolowa umande, na magamba ya jiwe yaliyobanduka lakini bado yamelala mahali pake. Gonga kwa fimbo kabla ya kukanyaga. Likitoa mlio mtupu, usiliwekee uzito. Kanyaga kwa unyayo wote, si kwa vidole.

Usiingize mkono kwenye ufa au juu ya jiwe usikoona. Nyoka na nge hukaa hapo, na nyuki hupenda nyufa za miamba na mashimo ya mibuyu. Ukisikia mvumo, simama, tafuta unatokea wapi, zunguka mbali. Manukato makali yaache siku hiyo.

Mtu asipande moja kwa moja chini ya mwenzake kwenye mawe yaliyolegea. Jiwe likiteleza, aliye juu apige kelele "Jiwe!" papo hapo, hata kama ni dogo.

Hatua ya 8: Kileleni, dakika ishirini

Keti, kula, vua viatu ukague kama kuna malengelenge, bandika plasta mapema. Kaa mbali na ukingo. Upepo wa Agosti na Septemba una nguvu za kukuyumbisha, na picha ya mgongo kuelekea bonde imewagharimu wengi sehemu nyingi duniani. Usiwashe moto, usitupe kichungi cha sigara. Nyasi za kiangazi zinashika kwa sekunde, na moto unapanda mlima haraka kuliko mtu anavyoshuka. Usichore majina kwenye mawe.

Kabla ya kuondoka, tafuta kwa macho alama yako ya kwanza ya kushukia. Usiinuke mpaka umeiona.

Hatua ya 9: Shuka kama kazi mpya

Ajali nyingi hutokea wakati wa kushuka, miguu ikiwa imechoka na akili imeshafika nyumbani. Kaza kamba za viatu hasa kwenye kifundo, ili vidole visigonge mbele. Fimbo itangulie, mguu ufuate. Magoti yapinde kidogo, hatua ziwe fupi. Kwenye changarawe shuka kwa ubavu kidogo, si kwa kuelekea chini moja kwa moja. Sehemu yenye mwinamo mkali, keti ujisogeze kwa makalio. Suruali itachakaa, mifupa itabaki mizima.

Usikimbie. Usifuate sauti ya muziki au barabara unayoiona chini kwa "njia ya mkato". Kutoka juu huoni ukuta wa jiwe ulio chini ya miguu yako.

Rudini kwa njia mliyopandia. Kuzunguka upande wa pili kuacheni kwa siku mtakayokuwa na mwenyeji.

Hatua ya 10: Ukifika nyumbani

Vua nguo zote uzikung'ute nje. Kagua kupe nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani na nyuma ya masikio. Kupe akishika, mbane kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu bila kumzungusha. Usimpake mafuta ya taa wala kumchoma. Toa miiba siku hiyohiyo. Ukipata homa ndani ya wiki mbili zinazofuata, mwambie daktari ulikuwa porini na uling'atwa na kupe.

Mambo yakiharibika

*Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu.* Joto limemshika. Mkalishe kivulini, mlegezee nguo, mlowanishe shingo na kwapa, mpepee, mpe maji kidogokidogo. Kama mnayo sukari na chumvi: lita 1 ya maji, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Akianza kuongea ovyo, kuyumba au kupoteza fahamu, hiyo ni dharura: endeleeni kumpoza kwa maji yote mliyonayo huku mkiita msaada, na asinyweshwe kitu akiwa hajitambui.

*Kifundo kimeteguka.* Usivue kiatu mara moja, kitavimba na hakitaingia tena. Funga bandeji juu ya kiatu kwa umbo la nane, mpe fimbo mbili, mshuke taratibu. Akishindwa kabisa kuukanyagia, chukulia umevunjika, usimlazimishe.

*Mmepotea.* Simameni. Kaeni dakika tano, mnywe maji, mfungue ramani na picha za nyuma. Rudini hadi alama ya mwisho mnayoitambua. Mkishindwa, bakini pamoja mahali pa wazi, mpulize filimbi mara tatu, mpumzike dakika moja, mrudie. Simu moja itumike, nyingine zizimwe.

*Nyuki wamevamia.* Kimbieni, kila mtu afunike uso kwa nguo, msisimame kupunga mikono. Endeleeni mbali hadi waache, au ingieni ndani ya nyumba. Miiba ya nyuki ikwanguliwe haraka kwa ukucha. Mtu akivimba midomo au akipumua kwa shida, hospitali mara moja.

*Nyoka ameuma.* Ondokeni alipo nyoka, msimtafute mumuue. Mgonjwa atulie, avuliwe pete na saa, mguu au mkono ufungwe ubao usichezecheze. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba, usipoteze muda na jiwe la nyoka. Anayetakiwa ni daktari na dawa ya sumu. Akibebwa kwa bodaboda, awekwe katikati, mtu nyuma amshike.

*Utomvu wa mnyaa jichoni.* Osha kwa maji mengi safi dakika 15 au zaidi, kisha hospitali hata kama maumivu yamepungua.

*Upupu.* Usijikune wala kujipangusa kwa mkono. Bandika selotepu na kubandua mara nyingi, kisha osha kwa sabuni na maji. Nguo zifuliwe peke yake.

*Wingu jeusi na ngurumo.* Shukeni kutoka kileleni mara moja, muwe mbali na mti uliosimama peke yake na jiwe refu. Msikae pamoja mmeshikana. Achianeni nafasi ya mita kadhaa. Maji ya korongo yakizidi goti au yakiwa na kasi, subirini upande mlipo hata kama giza litawakuta.

*Vibaka.* Toeni wanachotaka. Simu haifai kushindaniwa ukingoni mwa jabali.

Namba za bure: 112 polisi na dharura, 114 Zimamoto na Uokoaji, 115 gari la wagonjwa. Unapopiga, taja mtaa na jina la kilima kabla ya kueleza kilichotokea, ili simu ikikatika wajue pa kuja. Hospitali kubwa za mjini ni ya Rufaa ya Mkoa na ya Benjamin Mkapa iliyo eneo la Chuo Kikuu.

Ukishazoea

Ukiweza kutembea saa nne bila kuumia siku inayofuata, nenda Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Lami inakufikisha kutoka Dodoma. Ripoti kwanza kwenye ofisi ya michoro iliyopo Kolo, ulipie na upewe mwongozaji. Bila huyo huruhusiwi kupanda. Njia ya kufika Mungomi wa Kolo ina mteremko mkali mwishoni, na michoro haiguswi wala kumwagiwa maji ili ionekane vizuri kwenye picha.

Kwa siku nyepesi kuna Bwawa la Hombolo, kaskazini-mashariki mwa mji, lenye ndege wengi asubuhi. Tembea kando yake, usiingie majini: maji yaliyotuama yana kichocho. Hanang, ulio mkoani Manyara na wenye zaidi ya mita 3,400, ni mlima wa baridi na wa kutwa nzima. Uache hadi mwakani, na uende na mwongozaji wa pale Katesh.